Kabla Uchungu Haujakushtukiza

Uchungu unaweza kukushika kabla mimba haijatimiza wiki 37, kwa hiyo kuanzia wiki ya 20, jua hesabu ya mimba yako sawasawa. Kijitabu cha kliniki kikae mkobani. Nauli ya usiku iweke kando kwenye M-Pesa, usiiguse hata unga ukiisha. Mkojo ukikuunguza, kapimwe siku hiyo hiyo, maana maambukizi hayo yanaweza kuamsha uchungu. Wenye mapacha, na waliowahi kujifungua mapema, waongeze macho.

Sasa lile lililonigharimu. Nilikuwa wiki ya 31, tunakaa Mwiki, kiuno kikaanza kuniuma jioni nikianua nguo. Nikasema ni kufua. Kikauma, kikaachilia, kikauma tena, na kila kikiuma tumbo linakuwa gumu kama ubao. Nikapika, nikala, nikalala ubavu. Saa nane usiku mume wangu akashika simu akahesabu: kila dakika kumi, bila kukosa. Kabla ya wiki ya 37, hilo si la kungojea kupambazuke!

Tukakimbilia zahanati ya jirani. Muuguzi alikuwa mpole, lakini hapakuwa na nasari, yaani wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wala sindano ya deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Gari la kutuhamisha tulilingoja kwa muda wa saa tatu. Sindano hiyo hudungwa mara nne, kila baada ya saa 12, na hufaa zaidi ikipata kama siku nzima kabla mtoto hajatoka. Mimi, baada ya kuhamishwa, nilipata moja tu. Binti yangu alitoka na kilo 1.5, mbavu zikididimia kila akivuta pumzi, kofia imemfunika hadi nyusi. Wiki tano nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Leo anakimbia.

Kwa hiyo uliza kliniki sasa hivi: nikishikwa usiku, niende wapi penye nasari ya watoto njiti? Hospitali za Pumwani na Kenyatta, Nairobi, wanayo, lakini panga njia kutoka kwako, na dereva wa kumpigia simu.

Maji yakidondoka, hata kidogo, usivae pedi ukasubiri. Damu, nenda. Ukihisi mtoto anakusukuma chini kwenye nyonga, nenda. Mtoto akipunguza kucheza, nenda. Dawa za kienyeji za kutuliza tumbo ziache kabisa. Na wakikurudisha nyumbani lakini maumivu bado yanakuja kwa mpangilio, rudi tena, hata iwe mara ya tatu usiku huo.