Gari inayovuta hewa chini: jinsi ya kuikinga na maji masika haya

Wakuu mwangaluka. Mvua ndo hizo zimeanza huku Tabora na kila mwaka ni yale yale, mtu anatoka mjini na IST yake anaenda kusalimia wazee huko Uyui ndani ndani, anakuta mbuga (lile bonde la tope) imejaa maji barabara haionekani, anajipa moyo anakanyaga mafuta, katikati gari inazima, anapiga stata mara ya kwanza, mara ya pili inagonga "ka!" na haizunguki tena. Pembeni hapo hakosekani mtaalamu wa kusema maji yameingia kwenye umeme. Inawezekana, ila mara nyingi maji yamepita mdomoni, yaani kwenye lile bomba la kuvutia hewa ya injini, na gari nyingi tunazoendesha huo mdomo uko chini kuliko unavyodhani.

Pistoni inavuta hewa inashuka, halafu inapanda kuibana. Hewa inabanika, maji hayabaniki. IST nyingi zina injini ya 1NZ, lita 1.5 silinda nne, kwa hiyo kila silinda ni kama sisii (yaani mililita) 375, na pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama mililita 40 tu. Hiyo ni kile kikombe cha kahawa ya barazani na wala hakijajaa. Maji kiasi hicho yakiwa kwenye silinda moja pistoni inagota, na kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Dizeli ndo balaa zaidi maana zinabana sana, nafasi ya juu inakuwa ndogo kuliko hiyo. Halafu usidhani mpaka mdomo uzame kabisa, injini ya lita 1.5 ukiikanyaga mpaka mwisho ikiwa kwenye mizunguko 3000 inavuta karibu lita 2000 za hewa kwa dakika, sasa mdomo ukilamba tu maji ujue yanapanda nayo.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote, jua mdomo wa gari yako uko wapi na uko juu kiasi gani. Fungua boneti, tafuta boksi la ea klina (chujio la hewa), fuata bomba linalotoka kuelekea nje (sio lile linaloenda kwenye throto, yaani upande wa injini) mpaka mwisho wake. Kuna gari linaishia juu ya rejeta nyuma ya shogrili, hao wana afadhali. Kuna nyingine linapita nyuma ya taa linashuka ndani ya fenda, hapo huoni kitu mpaka uvue tairi na ile plastiki ya ndani ya fenda. Usikadirie kwa macho, chukua futi ya fundi upime kutoka ardhini mpaka ukingo wa chini wa mdomo, na upime gari ikiwa na mzigo wako wa kawaida, sio tupu, maana ukishapakia watu watano na magunia ya mchele gari inakaa. Iandike hiyo namba kwa makapeni ndani ya boneti. Usidhani ndo kina unachoweza kuvuka lakini, gari ikitembea kwenye maji inasukuma wimbi na mbele maji yanapanda. Mimi kwa gari ndogo naishia katikati ya tairi, basi, na tairi ya 185/65 R15 ina urefu wa kama sentimita 62 kwa hiyo katikati ni 31 hivi. Mdomo ukiwa chini ya hapo au unakaribiana na hapo, hiyo gari inahitaji kazi.

Anza na vya bure. Ukifungua maboksi ya ea klina ya gari za mtaani utachoka, klipu zimekatika mfuniko umefungwa kwa waya, hozi ile yenye mikunjo imepasuka kule chini pasipoonekana, mpira wa mfuniko umeruka. Usiku chukua tochi iwashe uiweke ndani ya boksi ufunge mfuniko, ukiona mwanga unatokea mahali basi na maji yatapita hapo hapo, na vumbi la kiangazi lilikuwa linapita hapo siku zote. Hozi iliyopasuka nunua nyingine, ya used inatosha, usiizungushie selotepu ukasema umemaliza. Kwenye Land Cruiser na Hilux za zamani cheki kile kimpira kinachoning'inia chini ya boksi cha kutolea vumbi, kikichanika ni tundu limeachwa wazi. Ila kale katundu kadogo chini ya boksi kwenye gari nyingine ni ka kutolea maji ya mvua, usikazibe kwa gamu, ukikaziba maji yatakusanyika humo humo na ea klina ya karatasi ikilowa inavimba, inabana pumzi na inaweza kuchanika.

Halafu hizi plastiki, ile ya ndani ya fenda na ile ya chini ya injini, gari nyingi hazinazo kabisa. Zilitolewa siku ya kubadili oili, klipu zikapotea, ikaonekana mbona gari inatembea tu. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yanayorushwa na tairi yasipande moja kwa moja kwenye mdomo na kwenye mikanda. Zitafute kwa wauza spea za used, ukikosa kata mpira mzito (tairi kuukuu la trekta au mkanda wa mashine) ufunge kwa boliti na washa pana, lakini zungusha tairi kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho uhakikishe haligusi.

Sasa wale vijana wa Altezza na Subaru mliofunga ea klina ya koni kule chini nyuma ya bampa ili ivute hewa ya baridi. Naelewa, mlio ni mtamu na hewa ya baridi kweli inasaidia nguvu, lakini huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili hilo ni bomba la kunyonyea dimbwi. Dawa ya uhakika ni kurudisha boksi la kampuni. Kama uliliuza, angalia bomba lako, baadhi yameungwa kwa vipande viwili, toa kipande cha chini koni ikae juu ndani ya boneti, utapoteza nguvu kidogo tu kwa ajili ya joto. Sensa ya hewa ibaki kwenye bomba lake lile lile, ukibadili upana wa bomba pale ilipokaa inasoma vibaya na gari itakula mafuta. Kuna pia valvu ya pembeni, kama ringi inafungwa juu kwenye bomba, koni ikizama valvu inafunguka hewa inaingilia juu. Inafanya kazi, ila sio ya injini zenye turbo, na Subaru nyingi za hapa mjini ni turbo kwa hiyo sijui unaifunga ya nini.

Zile soksi za kuzuia maji za kuvalisha koni ni nzuri kwa matone na marusho, hazizuii kuzama, asikudanganye mtu. Na mfuko wa nailoni usithubutu, injini itakosa hewa na ikiuvuta ndani umeongeza kesi.

Kwa gari yenye boksi la kampuni ambalo mdomo umeshuka kwenye fenda unaweza kuupandisha. Toa kile kipande cha chini, unga hozi ya kukunja yenye upana ule ule au zaidi, usipunguze hata kidogo, ipandishe nyuma ya taa mpaka karibu na usawa wa boneti, ifunge kwa klipu za chuma zile za kukaza kwa bisibisi na uishike kwenye bodi isicheze. Mdomo mpya ulale kidogo kuangalia chini ili mvua isitiririkie ndani, na ukae mbali na manifodi ya ekzosti. Kazi hii yote iko kabla ya ea klina kwa hiyo hugusi sensa wala nini. Kwa maoni yangu hii ndo yenye faida kuliko zote, sentimita 15 au 20 za juu ni tofauti ya kufika na kulala njiani.

Snorkeli kwenye gari kubwa sawa, lakini iliyofungwa bila kuzibwa vizuri kwenye maungio ni pambo. Washa injini ikae sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo wa juu wa snorkeli kwa kiganja, injini inatakiwa ife. Ikiendelea kunguruma inapata hewa pengine, na maji yatapitia huko huko. Na ukishainua hewa kumbuka difu na gia boksi nazo zina vibomba vya kupumulia, vipandishe.

Ukifika kwenye maji, sasa. Shuka utembee na fimbo kwanza, hasa kwenye drifti na makalavati, maana mbuga inaficha shimo. Kama maji yanakimbia na yamefika sentimita 30 acha kabisa, hayo yanaweza kubeba gari ndogo, suala la injini halipo tena hapo. Kama yametulia, zima AC, ingiza gia namba moja au L, ingia taratibu na mwendo uwe ule ule mpaka utoke, usikanyage usiachie. Usimfuate fuso nyuma, na likija basi mbele msubiri apite, wimbi lake linaweza kuvuka boneti yako hata kama wewe ulipima.

Ikizima ndani ya maji, mkono utoke kwenye ufunguo. Sisemi ujaribu mara moja tu, hapana, usijaribu. Weka nyutro, sukumeni mpaka pakavu, fungua boksi ushike ea klina. Ikiwa kavu na hozi ya ndani ni kavu basi pengine ni umeme kweli. Ikiwa imelowa, toa plagi zote (dizeli toa nozeli au plagi za moto), chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya mafuta, zungusha injini kwanza kwa spana kwenye puli ya krenki, ikizunguka bila kugota ndo upige stata kidogo, maji yatatoka kwenye matundu kwa kasi kwa hiyo kaa pembeni. Cheki dipstiki, oili ikiwa nyeupe nyeupe mwaga, weka mpya na filta mpya kabla ya kuwasha. Ikishawaka mwambie fundi apime kompresheni (nguvu ya kubana ya kila silinda), silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake huenda konrodi imepinda hata kama gari inatembea, na ukiiacha hivyo inaweza kuja kutoboa bloku.

Kuhusu bima, ile ndogo haikuhusu hapa, inalipa uliowagonga sio injini yako. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake sehemu ya mafuriko leo, kabla hajaenda kijijini.