Mtego wa nzi wa ndoo, unatengeneza mara moja unatumia miaka (wenye mifugo Moshi na Arusha soma hapa)

Hii naandika kwa ajili ya wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, wenye kuku, wenye nguruwe, wenye bucha au kijiwe cha nyama choma, maana nzi wa nje ni habari nyingine kabisa. Wa ndani unaweka wavu dirishani na pazia mlangoni maisha yanaendelea. Wa nje utamfungia nini? Dawa ya kupuliza unapuliza asubuhi, jioni wapo vilevile, na hapo umeshapulizia ndoo ya maziwa na chakula cha kuku. Mtego wa chambo unasaidia kweli, ila watu wengi wanautundika barazani au karibu na jiko kwa sababu ndo wanaposumbuliwa, halafu wanalalamika eti nzi wameongezeka. Lazima waongezeke bana, umeweka kitu kinachonuka samaki mlangoni kwako! Mtego unawekwa kule nzi wanakotoka, yaani kati ya banda na nyumba, na karibu zaidi na banda. Hilo ukilishika mengine yote ni ufundi mdogo mdogo.

Ila kabla hujakata ndoo ya mtu, angalia kwanza unapambana na nzi gani. Yule wa kijivu anayetua kwenye chai na kwenye macho ya mtoto ni nzi wa nyumbani, huyo anakuja kwenye mtego vizuri tu. Yule mkubwa wa kijani au buluu anayeng'aa anapenda mizoga, nyama na samaki, huyo ndo anakuja mbio kuliko wote. Sasa kuna mwingine anafanana sana na wa nyumbani lakini ana mdomo umechongoka kwa mbele kama sindano, anauma ng'ombe miguuni mpaka ng'ombe anapiga piga kwato chini wakati unakamua, na wewe mwenyewe anakuuma kwenye vifundo hata juu ya soksi. Huyo chakula chake ni damu, mchuzi wa dagaa utakaoweka kwenye mtego kama chambo hata hautaki, kwa hiyo usikae unasubiri aingie kwenye ndoo. Wanaouma wanavutwa na rangi, ukipita hifadhi ya Tarangire utaona vile vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa porini kwa ajili ya mbung'o, na hawa wanaouma ng'ombe nao buluu wanaifuata. Vile vidudu vidogo vidogo vya kwenye ndizi mbivu na machicha ya mbege (pombe ya ndizi) navyo ni habari nyingine, vyenyewe kikombe chenye siki kidogo na tone la sabuni kinatosha.

Haya, mtego wenyewe. Tafuta ndoo nyeupe ya lita 10 yenye kifuniko kinachobana, zile za rangi au za mafuta ya kupikia, soko la Kilombero Arusha au Mbuyuni Moshi huzikosi. Nasema nyeupe kwa sababu mwanga lazima upite kwenye kuta zake, ya bluu au nyeusi usihangaike nayo. Chukua chupa 3 za maji za lita moja na nusu, kata kila moja pale mabega yanapoishia upate kile kichwa peke yake, ambacho kimekaa kama faneli. Kwenye kifuniko cha ndoo toboa matundu 3 ya mviringo, upana wa kila tundu uwe mdogo kidogo kuliko upande mpana wa kile kichwa, ili ukikitumbukiza mdomo ukiangalia chini kikwame chenyewe kisidondoke ndani. Plastiki ya kifuniko ukiikata na kisu inapasuka, pasha kisu cha zamani kwenye mkaa ndo ukate, itateleza (fanyia nje, ule moshi sio mzuri). Pembeni ziba na silikoni ya mafundi wa madirisha au hata seloteipu pana, hakikisha hakuna upenyo, maana nzi akiona upenyo wa kutokea atautumia.

Sasa juu ya kifuniko inatakiwa paa. Kipande cha bati au sahani kuukuu ya plastiki, inyanyuke kama sentimita 5 juu ya kifuniko kwa vijiti au waya ule wa kufungia nondo. Hili paa watu wanaliona la urembo lakini ndo linafanya mtego ufanye kazi: kwanza mvua haijazi ndoo, pili linaleta giza kule juu walikoingilia. Nzi akishaonja chambo anaruka kuufuata mwanga, na mwanga upo kwenye kuta za ndoo sio kwenye ule mdomo wa chupa, kwa hiyo anagonga gonga ukuta anachoka anadondokea kwenye mchuzi. Bila paa mwanga mwingi unatoka juu, na baadhi yao watatoka nao.

Piga alama kubwa ya rangi nyekundu kwenye hiyo ndoo. Sio utani, ndoo ni ndoo, siku maji ya Moshi yamekatika kila mtu nyumbani anakusanya vyombo na mgeni hawezi kujua ile ilikuwa ya nini.

Chambo. Hapa kila mtu ana lake, mimi nakwambia chambo bora ni kitu cha protini kilichooza ndani ya maji, basi. Ile harufu ya kuoza kwa protini, yenye ukali wa amonia na ushombo wa samaki, ndo inamwambia nzi jike kwamba hapa pana chakula na pa kutagia. Dagaa waliovunjika vunjika ambao muuza dagaa anakupa kwa bei ya kutupa, au utumbo na vichwa vya perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kiganja kimoja kinatosha. Weka kwenye maji kama lita moja na nusu ya uvuguvugu, ongeza kijiko cha sukari na nusu kijiko cha chai cha hamira, na kama kuna maziwa yameharibika mimina kikombe humo humo. Funika kwa kuegesha tu, acha juani siku 2 au 3. Usikaze kifuniko cha chupa au dumu wakati inachacha kwa sababu inatoa gesi, itakulipukia na hiyo harufu haitoki kwenye shati, mbe, nakwambia mapema. Ukiwa Moshi mjini au huko chini Kahe joto lipo, kinaiva haraka, ukiwa Ngaramtoni au Machame juu siku za baridi kinaweza kuchukua wiki nzima, kisogeze kwenye jua la asubuhi.

Asali na matunda matamu kama chambo kikuu hapana. Vinaita nyuki, na huku wengi wana mizinga au jirani ana mizinga, utaua nyuki wa watu bure. Ile sukari kijiko kimoja ndani ya uvundo wa samaki nyuki hawaifuati, lakini ukiona wameanza kuja ongeza siki kidogo.

Na dawa ya kuua wadudu usitie humo. Haihitajiki, maji yanawaua, na siku ndoo ikipinduliwa na mbwa au kuku akadonoa utajuta. Unachotia ni tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja tu, linavunja ule utando wa juu wa maji nzi asiweze kusimama, anazama. Ukizidisha sabuni yenye manukato unaharibu harufu uliyoihangaikia siku zote hizo.

Mimina mchuzi ndani ya ndoo mpaka ujae kama robo, ile midomo ya chupa isiguse maji. Tundika kwenye tawi au mti uliochimbia, urefu wa kiunoni mpaka kifuani, nzi wa nyumbani hapendi kwenda juu sana. Chini usiweke kwa sababu ya mbwa, paka, kuku, na huko vihambani (kwenye mashamba ya migomba) hata tumbili. Waya wa kutundikia upake grisi kidogo sisimizi wasipande. Umbali kutoka mlangoni au mnapokula uwe angalau mita 10, na angalia upepo: washa jiko la mkaa uone moshi unaelekea wapi, mtego ukae mahali ambapo harufu haiji kwako wala kwa jirani. Jirani muambie kabla, ni heshima, na itakuepusha na ile "baba Neema, umezika nini huko nyuma?" Jua kiasi ni zuri maana linapandisha harufu, jua la kutwa nzima linakausha, kwa hiyo upande unaopata jua la asubuhi na kivuli mchana ndo penyewe.

Siku ya kwanza unaweza usione kitu, usikimbilie kubadilisha chambo. Wakishaanza kufa humo wanaoza wao wenyewe na kuongeza nguvu ya harufu, kuanzia hapo mtego unashika kasi. Maji yakipungua ongeza, mtego uliokauka hauvuti.

Sasa sehemu ambayo watu wanaharibu na hawajui. Nzi wa kijani wanataga juu ya nzi waliokufa. Ukiacha ile tabaka ya nzi ikawa nene ikaelea juu ya mchuzi, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, mabuu yanajaa, halafu yanapanda ukutani yanatafuta udongo mkavu wa kwenda kugeukia. Hapo unafuga nzi, huwaui tena. Kwa hiyo ukiona nzi wameshafunika uso wa maji, mwaga, kwenye joto la Moshi hiyo ni kama kila wiki, usivute sana. Mwaga jioni jua likizama, nzi wamepoa hawaruki. Ukikuta mabuu yameshaanza, mwagia maji ya moto kwanza. Chimba shimo la goti moja chini ya mgomba, mimina, fukia vizuri, mgomba utashukuru. Kuna wanaowapa kuku hao nzi, mimi sishauri, nzi anabeba minyoo tegu ya kuku, unamrudishia kuku ugonjwa kwa kijiko.

Ila usimwage wote. Bakiza kikombe kimoja cha ule mchuzi mzee, ndo mbegu ya ndoo inayofuata. Ukichanganya na maji mapya na kiganja cha dagaa mtego unaanza kuvuta karibu siku hiyo hiyo, huna haja ya kusubiri tena. Ndoo yenyewe suuza kwa maji matupu tu, usiisugue na Jik (ile dawa ya klorini) katikati ya msimu. Glovu za mpira vaa, na mikono nawa kwa sabuni hata kama ulivaa.

Mitego mingapi? Banda la ng'ombe wawili watatu, ndoo 2 zinatosha, moja kila upande. Kuku wengi au nguruwe, ongeza. Lakini mavi yakikaa bandani hata uweke ndoo 10 utachoka wewe kabla yao. Jike mmoja anataga mayai kama 100 kwa mkupuo, na anarudia mara kadhaa maishani, na kwenye joto kutoka yai mpaka nzi anayeruka ni siku 7 mpaka 10. Kwa hiyo samadi itoke angalau mara 2 kwa wiki, hapo unakata mzunguko kabla haujakamilika. Ukiipeleka kwenye migomba itandaze nyembamba ikauke, mabuu yanataka unyevu, au kama unaitunza irundike na uifunike na turubai, joto la katikati litayapika. Kingo za rundo zichungulie, ndo mabuu yanapokimbilia. Kinyesi cha kuku kilicholowana chini ya vinyweshea kinazaa nzi kuliko unavyodhani, rekebisha bomba au kopo linalovuja. Choo cha shimo kiwe na mfuniko, na kama kina bomba la hewa weka wavu juu ya bomba, nzi wanaufuata mwanga wa bomba wanakwama pale wanafia humo. Hao wa chooni ndo wanaotuletea kuhara na homa ya matumbo, sio wa kuchekea.

Kwa mama lishe na wachoma nyama: ndoo iende nyuma kabisa, upande wa jalala au pipa la mifupa, kamwe isiwe karibu na meza. Mezani tumia feni, nzi hawezi kutua kwenye upepo mkali. Ile mifuko ya nailoni yenye maji inayoning'inizwa mlangoni sijawahi kuona nzi akiiogopa, lakini kama inakupa moyo iache.

Anza mapema, mvua za kwanza zikinyesha na wao ndo wanaanza, ukiwakamata wale majike wachache wa mwanzo unapunguza kazi ya masika yote. Baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane ikishika, hasa Arusha, wanapungua wenyewe, ndo muda wa kushusha ndoo. Hapo sasa tumia Jik, sugua, vua vile vichwa vya chupa vilivyofifia uweke vipya, kausha juani, weka darini. Mchuzi wa mbegu usiuhifadhi stoo, umwage na wenyewe, msimu ukirudi utaanza na dagaa wapya.