Somo: Jinsi ya kutambua vumbi laini la mtaa wako linatoka wapi

Nairobi kila mtaa una mshukiwa wake. Wakazi wa Korogocho watakutajia moshi wa jaa la Dandora, wa Mombasa Road watasema ni malori, na wanaoishi karibu na Industrial Area watakuonyesha mabomba ya viwanda. Kila mmoja ana sababu yake. Shida ni kwamba kila chanzo kina dawa yake, na ukipigania kiwanda kifungwe ilhali tatizo ni barabara isiyo na lami, watoto wataendelea kukohoa. Somo hili ni la kukusaidia kutafuta chanzo kwa ushahidi.

Hatua ya 1: Jua unachopima

Tunazungumzia PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa takriban mikromita 50 hadi 70. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, lakini chembe hizi hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15. Awali vilikuwa 10 na 25.

Hatua ya 2: Fahamu kilichomo

Hapa tusiharakishe, maana ndipo wengi wanapopotea. PM2.5 ni jina la ukubwa tu. Ndani yake mna vitu vingi visivyofanana.

Kuna chembe zinazotoka moja kwa moja kwenye chanzo. Masizi hutoka kwenye dizeli, kuni, makaa na taka zinazochomwa. Udongo hupeperushwa na magurudumu, mijengo na machimbo ya mawe. Breki na tairi zinazolika humwaga shaba, chuma na zinki. Bahari nayo hurusha chumvi.

Halafu kuna chembe ambazo hakuna bomba lililozitoa. Huzaliwa hewani. Salfa iliyomo kwenye dizeli na mafuta mazito ya viwandani ikiungua hutoa gesi, na gesi hiyo hugeuka polepole kuwa salfeti. Gesi za naitrojeni kutoka kwenye injini hugeuka kuwa naitreti. Amonia ya mifugo na maji taka huungana nazo zikawa chembe za chumvichumvi. Mabadiliko haya huchukua saa kadhaa, hata siku, kwa hiyo sehemu ya unachovuta leo huenda ilianza safari mbali na kwako. Ndiyo maana kupunguza salfa kwenye mafuta ni jambo kubwa: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia Januari 2015.

Hatua ya 3: Weka kifaa mahali pa haki

Vifaa vya bei nafuu hutumia leza: feni huvuta hewa, mwanga hupiga chembe, kifaa kinakadiria uzito. Kifunge mita mbili hadi tatu kutoka ardhini, penye kivuli, mbali na jiko na dirisha la jikoni. Ukikifunga juu ya kibanda cha chapati utapima chapati.

Hatua ya 4: Soma saa, kisha siku

Chora wastani wa kila saa kwa wiki kadhaa. Kilele cha asubuhi magari yanapoingia mjini, kinachopungua Jumapili, kinaelekeza kwenye barabara. Kilele cha jioni wakati wa kupika, ambacho hakijali Jumapili, kinaelekeza kwenye majiko. Kinachozuka ghafla usiku na kuisha kwa saa moja au mbili, mara nyingi ni mtu anayechoma taka.

Tahadhari moja. Usiku wa baridi, hasa Juni hadi Agosti, hewa baridi hutuama karibu na ardhi na ile ya vuguvugu hukaa juu yake, hivyo moshi hauna pa kutokea. Namba itapanda hata kama moshi unaozalishwa haujaongezeka.

Hatua ya 5: Linganisha na upepo

Andika upepo unatoka wapi kila namba inapopanda. Nairobi upepo hutoka zaidi upande wa mashariki, kwa hiyo anayeishi magharibi mwa chanzo ndiye anayeumia. Kama unashuku jaa, lakini namba inapanda hata upepo unapovuma kuelekea huko, mshukiwa wako si huyo, au hayuko peke yake.

Hatua ya 6: Chujio na maabara

Kifaa cha leza hakijui udongo wala masizi. Kwa hilo lazima hewa ivutwe kupitia chujio, chujio lipimwe uzito, kisha elementi zichunguzwe. Silikoni, alumini na kalisi ni dalili ya udongo. Potasiamu nyingi huashiria kuni na majani. Vanadi na nikeli huashiria mafuta mazito. Sodiamu na klorini huashiria chumvi ya bahari, ingawa klorini hutokana pia na plastiki inayoungua.

Kazi kama hiyo ilifanywa Nairobi kati ya Mei 2008 na Aprili 2010, kwa machujio 780. Magari na vumbi la udongo kwa pamoja vilihusishwa na takriban asilimia 74 ya PM2.5. Vyanzo vingine vilipanda na kushuka kwa misimu, lakini magari yalibaki palepale mwaka mzima.

Masizi yana kipimo chao cha pekee, nacho nakipenda sana. Mti ulio hai hubeba kidogo ya kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe polepole; mti ukifa, nusu yake hupotea kila miaka 5,730. Petroli na dizeli zimekaa ardhini mamilioni ya miaka, hazina kitu. Kwa hiyo masizi ya kuni yanayo, ya dizeli hayana. Vipimo vya Nairobi vilionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya masizi yalitokana na mafuta ya ardhini. Natamani kila mwakilishi wadi aijue namba hii kabla ya kuwafukuza kina mama wanaochoma mahindi barabarani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kayole: Mwalimu, mimi hupikia makaa na hayatoi moshi. Basi niko salama?*

Hapana, dada. Makaa hutoa moshi mwingi zaidi yanapowashwa, hasa ukitumia plastiki au mafuta ya taa, kwa hiyo washia nje. Yakishashika, hatari kubwa ni kaboni monoksaidi. Hiyo ni gesi, haionekani wala kifaa cha PM2.5 hakiioni. Usilale na jiko ndani.

*Mwanachama, Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Kifaa changu kiko Kigamboni, alfajiri kinapanda sana na hakuna gari. Je, ni chumvi?*

Marahaba. Huenda chumvi imo, ila shuku unyevu kwanza. Unyevu ukizidi asilimia 80 hivi, chembe hunywa maji na kuvimba, na leza huzihesabu kama nzito. Chumvi ndiyo hunywa zaidi. Rekodi unyevu sambamba, na saa hizo uzitenge.

*Mwanachama, Ruiru: Mvua ikinyesha kwetu namba inashuka, lakini karibu na barabara kuu inabaki juu. Kwa nini?*

Mvua hulaza udongo, haizimi injini. Tofauti hiyo ni ushahidi mzuri, iandike.

*Mwanachama, Mukuru: Tunashuku kiwanda jirani. Kifaa kimoja kinatosha kupeleka malalamiko NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira?*

Kimoja hakitoshi, ndugu. Tafuteni viwili vya aina moja. Kwanza viwekeni pamoja kwa wiki moja mwone kama vinasoma sawa. Kisha kimoja kikae upande upepo unakotoka na kingine upande unakoelekea. Kile cha pili kikizidi kila mara kiwanda kinapofanya kazi, na tofauti ikapotea kiwanda kikifungwa, pelekeni grafu hizo pamoja na saa na mwelekeo wa upepo, na muombe kipimo cha chujio.