Kukata kromosomu ya hamira mahali pamoja tu

Hamira hii hii ya maandazi ina kromosomu 16, jumla herufi kama milioni 12 za DNA. Ukiiachia HaeII, kimeng'enya kinachokata DNA kila kinapokuta herufi fulani, unabaki na kachumbari. Tunataka kikate mara moja tu. Mwaka 1990 Michael Koob na Waclaw Szybalski wa Marekani walionyesha kwamba inawezekana.

Chukulia mayai yametapakaa uani, na kuku kaatamia moja. Nyunyiza rangi uani kote, kisha mfukuze kuku: limebaki yai moja jeupe. Mayai ni sehemu ambazo HaeII hukata, kuku ni LacI, protini inayoshika DNA, rangi ni metili, kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye DNA, na HaeII hakigusi yai lenye rangi.

1. Pandikiza kwenye kromosomu opereta ya lac (kipande cha DNA ambacho LacI hukishika) yenye ulinganifu, AATTGTGAGCGCTCACAATT. AGCGCT ya katikati ndiyo yai. Opereta ya asili haina herufi hizo, usiitumie.

2. Gandisha seli kwenye vidonge vya agarosi ndipo uzipasue humo humo: zimoliesi ya kuvunja ukuta wa seli, kisha proteinesi K ya kumeng'enya protini na sabuni ya sarkosili, nyuzi 50, usiku kucha. DNA ndefu ukiivuta kwa pipeti inakatika yenyewe. Osha kwa PMSF, inayozima proteinesi K, kisha kwa bafa.

3. Weka LacI. Kwenye agarosi protini hupenya polepole. Mimi huacha saa nzima kwenye barafu.

4. Ongeza M.HhaI, kimeng'enya kinachopaka metili, pamoja na SAM, kemikali inayotoa metili hizo, nyuzi 37. Kila GCGC inapakwa, isipokuwa iliyoatamiwa.

5. Hapa ndipo nilipoharibu wiki nzima. Niliweka IPTG, kemikali inayomfanya LacI aachie DNA, kumwondoa LacI huku M.HhaI na SAM bado vimo, na yai langu likapakwa papo hapo. Nilijitetea kwamba EDTA, inayonasa magnesiamu, ilikuwepo, lakini M.HhaI haihitaji magnesiamu, EDTA haiizuii! Osha kwanza SAM kwa bafa baridi, mara kadhaa, ndipo urudie proteinesi K na sarkosili, PMSF, na kuosha.

6. Weka HaeII, kisha jeli ya umeme wa mipigo, inayotenganisha DNA ndefu kwa urefu wake, takriban saa 24. Baridi ya Juni hapa Mbeya inaupunguzia mzigo mtambo wa kupoza bafa. Umeme ukikatika usiku, hilo halikusaidii kitu, kwa hiyo tafuta jenereta mapema.

Pitisha vidonge viwili vya ulinganisho: kimoja bila LacI, kromosomu zote zibaki nzima; kingine bila M.HhaI, kiwe kachumbari. Chako kionyeshe kromosomu 15 nzima na moja iliyogeuka vipande viwili.