Kabla hujampandisha basi: kumrudisha nyumbani mtoto mwenye saratani ya damu

Siku daktari anaposema mmeruhusiwa, baada ya miezi ya kulala kwenye kiti kando ya kitanda, akili yote huwa mlangoni. Ngoja kwanza. Wodini kulikuwa na muuguzi wa kupima joto, kuhesabu vidonge na kuzuia wageni. Kuanzia kesho kazi hizo ni zako. Na matibabu hayaishi siku ya ruhusa: saratani ya damu ya watoto kwa kawaida hutibiwa miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto yuko nyumbani anameza dawa. Usikate tiketi kabla hujamaliza haya.

Nunua kipimajoto na ujifunze kukisoma ukiwa bado wodini. Karatasi ya ruhusa ipige picha, kisha toa nakala mbili. Namba ya simu ya wodi iandike ukutani, si kwenye simu tu. Chandarua. Maji ya kunywa yachemshwe, matunda yamenywe, kachumbari na maziwa mabichi aviache kabisa. Kuku wahamie nje.

Homa ni dharura. Joto likifika 38, hata kama mtoto anacheza, unaondoka kwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane. Usimpe Panadol ukasubiri asubuhi. Panadol itashusha joto na maambukizi yataendelea chini kwa chini, kwa kuwa kemo, yaani dawa za saratani, imepunguza chembe nyeupe za damu za kupambana nayo. Ukifika, sentensi yako ya kwanza iwe "mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani". Watapima malaria, sawa, ila kipimo kikisema hana usikubali kurudishwa nyumbani. Kikisema anayo, bado waulize kuhusu antibiotiki ya mshipa.

Sasa dawa. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoungua.

Mwanangu alikuwa na miaka saba tuliporudi Songea. Tulipewa bahasha tatu. Merkaptopurini, dawa ya saratani, kidonge kimoja kila usiku. Septrini, siku tatu kwa wiki, ya kumkinga na nimonia. Na methotreksati, nayo ya saratani, vidonge saba vidogo vya njano vya kumeza kwa pamoja mara moja kwa wiki. Nilielezwa, nikaelewa, nikaitikia. Bahasha ya methotreksati iliandikwa 7 x 1, na pembeni kulikuwa na herufi chache za kalamu ambazo jasho la mkono wangu lilishazifuta kabla hatujafika Makambako.

Hata wiki haijaisha, ikabidi niende Mbinga kwenye kahawa, siku tano. Mtoto nikamwachia mama mkwe. Nikamkabidhi bahasha nikamwambia, "Kama zilivyoandikwa, mama." Mama mkwe anasoma vizuri. Yeyote aliyewahi kupewa dawa katika nchi hii anajua 1 x 3 ni kimoja, kutwa mara tatu. Basi 7 x 1 ni saba, kutwa mara moja. Akampa hivyo, kwa uji, kwa kumbembeleza, bila kukosa siku hata moja. Siku ya tano asubuhi akanipigia: "Mwanangu, ile dawa ya njano imekwisha. Inauzwa wapi?"

Vidonge 28, vya wiki nne. Vimekwisha kwa siku nne.

Nilipiga simu wodini nikiwa bado nimesimama shambani. Wakasema msingoje dalili, njooni. Nilipofika nyumbani dalili zilikuwa zimeshanitangulia: mdomo mzima vidonda, hamezi hata mate. Njiani akaanza homa, na miguuni madoa mekundu. Methotreksati huzuia chembe kujizalisha, kwa hiyo kinywa, utumbo na uboho wa mifupa unaotengeneza damu, ambako chembe huzaliana haraka, ndiko huumia kwanza. Alilazwa wiki tatu. Aliongezewa damu, akapewa antibiotiki na asidi ya foliniki ya kupunguza makali ya ile dawa. Alipona, ashukuriwe Mungu. Ila mama mkwe mpaka leo hashiki bahasha ya dawa ya mjukuu wake, na nimemwambia mara ngapi sijui kwamba yeye alisoma kilichoandikwa.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maagizo mapya kwa sababu ya kosa hilihili, maana hata huko wapo waliokufa kwa kumeza kila siku dawa ya kila wiki.

Kwa hiyo: chagua siku moja, mfano Ijumaa, na uiandike mwenyewe kwa maneno kamili, kwa wino usiofutika: "IJUMAA TU, vidonge saba". Kila dozi ya Ijumaa ifunge peke yake. Dozi zilizobaki zifungie, ufunguo ukae na mtu mmoja. Anayeachiwa mtoto akurudie maelezo kwa mdomo wake, usitosheke na "nimeelewa". Mama mjamzito asivishike vidonge hivi kwa mikono mitupu. Na duka la dawa wakikupa brufeni au diklofenaki ya maumivu, kataa. Hazipatani na methotreksati.

Wageni watakuja, na ni haki yao kuja kumjulia hali. Wakae barazani, wanawe mikono, mwenye mafua arudi siku nyingine. Mwanao akikaa na mtoto mwenye tetekuwanga piga simu wodini siku hiyo hiyo, kabla hajatoka kipele. Chanjo ya surua na ile ya polio ya matone asipewe bila ruhusa ya daktari wake, hata wachanjaji wapite nyumba kwa nyumba. Sindano ya msuli, ulizeni kwanza. Mitishamba ya shangazi, pokea kwa heshima, usimpe.

Nauli ya dharura iwekwe kando na isiguswe, hata kwa ada ya shule. Ongea mapema na mwenye bodaboda au gari anayepokea simu usiku. Simu ichajiwe kabla umeme haujakatika, na masika yakianza, ulizia barabara ya kwenu kila siku.