Jinsi ya kuchagua huduma ya kuombea hela ya serikali kijijini kwenu, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, msimu wa korosho ukishaanza akili za watu wote zipo ghalani na kwenye bei ya mnada, na ndo hapohapo mtendaji anabandika tangazo la mkutano mkuu wa kijiji wa kupanga vipaumbele, wanakuja watu arobaini, inapitishwa yoyote iliyotajwa kwanza, basi imeisha hiyo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini huku chini mipango inaandikwa miezi mingi kabla, Bunge la bajeti likianza kukaa Dodoma mwezi wa 4 vya kwenu vishafungwa kitambo. Kwa hiyo usisubiri Mei ndo uanze kulalamika.

Kabla ya mkutano jiulize hivi: hiki kitu mwenye hela zake hapa kijijini anaweza kujinunulia peke yake? Kama anaweza, kisubiri kwanza. Kama hata yule aliyepeleka tani kumi ghalani hawezi, hicho ndo cha kodi zetu. Chukulia maji huku juu Newala na Tandahimba. Uwanda wa Makonde mnaujua, maji yapo chini mno, utachimba na jembe mpaka uchoke hupati kitu, ndo maana kila mji una shimo la kuvunia maji ya mvua uani, na ndo maana toka miaka ya 1950 maji yanasukumwa na mitambo kutoka bondeni kupandishwa juu. Sasa nani kati yetu atanunua pampu ya kupandisha maji mlima ule? Mwenye nazo ananunua ndoo kwa bodaboda, anamaliza shida ya nyumba yake kwa siku mbili, jirani yake bado yuko foleni. Kulipia kidogo pale kwenye kilula ili mtambo utengenezwe ukiharibika mi sina shida nako, ila chanzo na bomba kubwa lazima iwe hela ya umma.

Sasa hapa naomba tusikilizane, maana ndo tunapokosea sana. Tunapenda majengo. Kijijini kwetu tulichanga kwa ajili ya zahanati, tukakatwa kwenye kila kilo, akina mama wakasomba maji na mchanga kichwani, boma likafika kwenye lenta likaishia hapo. Misimu minne sasa, ndani pameota majani hadi kiunoni, mbuzi wanajikinga mvua. Mwaka juzi wifi yangu akashikwa uchungu usiku, mvua ya Februari, akapakiwa bodaboda kwenda kituo cha afya cha mbali, tope likawakwamisha njiani na mtoto akazaliwa chini ya mkorosho, khanga mbili na tochi ya simu. Wapo wazima wote wawili, namshukuru Mungu. Lakini yule usiku ule alikuwa anahitaji mkunga, dawa ya kuzuia damu, na barabara inayopitika, sio ukuta. Kwa hiyo mkiandika zahanati andikeni na mkunga, na nyumba ya mkunga, na dawa, vyote kwenye ombi moja, maana boma bila watu halijamsaidia yeyote.

Ukishajua unachotaka tafuta namba. Chukua daftari, kaa pale kwenye maji toka alfajiri, hesabu ndoo na andika mtu kasubiri dakika ngapi, hesabu kaya, hesabu kilomita mpaka kituo cha karibu. Mwenye karatasi yenye hesabu mkutanoni hawamzimi kirahisi kama anayesema tunateseka tu.

Jua pia pa kugonga. Maji vijijini ni RUWASA, barabara za vijijini ni TARURA, zahanati na shule ya msingi ni halmashauri. Maombi yakitoka mkutano mkuu yanakwenda kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, huko ndo yanagongana na ya vijiji vingine, kwa hiyo diwani aongee na nyie kabla ya kile kikao, sio baada. Na akikwambia halmashauri haina hela muulize ushuru wa korosho wa mwaka huu umeingia kiasi gani, mnunuzi analipa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara na ile ni hela ya halmashauri yetu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya akina mama, vijana na walemavu iacheni, ina kazi yake.

Mkutano mkuu unatakiwa uitwe kila miezi mitatu na mkazi yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, hamna mgeni pale, hata bibi yako anaruhusiwa kunyoosha mkono. Yakipitishwa usiondoke. Omba muhtasari usomwe kwa sauti, sikiliza kama ni kile mlichokubaliana, wasaini mwenyekiti na mtendaji, mhuri upigwe, halafu toa simu upige picha huo ukurasa, maana Julai ikifika utaubeba kwenda nao ofisini.