Kumwandaa mwalimu wa kesho katika mikoko ya Lamu

Mkufunzi mwenzangu, kabla hujawapa walimu wanafunzi kazi ya kuandika andalio la somo kuhusu uendelevu, wapeleke mikokoni. Kaunti yetu ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Inaniuma kuona mazingira yakifundishwa kwa picha za barafu ya mbali ilhali msitu huu uko karibu na darasa.

Panga siku kwa kufuata maji, si ratiba ya chuo. Ngoja bamvua, zile siku za mwezi mchanga au mpevu ambapo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na mtafika hadi kwenye mililana, aina ya mikoko iliyo ukingoni mwa bahari.

Mwalike mkata boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, mwenye leseni, na umlipe ujira wa siku yake. Ukimleta afisa wa misitu peke yake, wanafunzi wataondoka wakidhani mkataji ni adui. Wamwamkie vizuri, kisha awaonyeshe aina za miti ya huko: mkoko wenyewe, muia, mkandaa na mchu, awatofautishie kwa unene fito, pau na boriti, na awahesabie korja ya miti 20. Wamuulize msitu ulikuwaje ujanani mwake. Wamuulize pia familia yake ilikula nini serikali iliposimamisha ukataji mwaka 2018. Majibu yatagongana na yale waliyosoma. Usiyapatanishe, waache wajadiliane njia nzima ya kurudi, maana darasani watoto watawauliza hayo hayo.

Kesho yake kila mmoja atunge somo la dakika 35 na awafundishe wenzake. Korja inatosha kwa Hisabati. Mizizi ya mchu, inayochomoza topeni kama kalamu ili ipate hewa, ni Sayansi. Mahojiano na mzee ni Kiswahili. Uendelevu hauhitaji kipindi chake pekee.

Nakusihi, msipande miche kwa ajili ya kupigwa picha. Mkoko ukipandwa mbele, upande wa bahari, mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa. Afadhali wazungushie kamba eneo la mita moja mraba, wahesabu miche iliyojiotea, na warudi muhula ujao kuhesabu tena.

Wale watakaokwenda mazoezi ya kufundisha Garissa au Kitui, kusiko na mikoko, waandike andalio la pili, la huko: kisima, malisho au mkaa. Nao pia wataje ni nani watakayemwalika na watamlipa nini.